Mfarishi wa Viraka

Katika nyumba nyingi, za mashamba na za miji pia, hapakosi kasha au kapu au pembe ya chumba palipotupwa nguo kuukuu. Kuna kanga iliyochanika pindo, suruali ya khaki iliyopasuka magoti, shati la mtoto ambaye sasa amekuwa mkubwa, na kipande cha amerikani kilichobaki baada ya kushona kanzu. Nguo hizo hukaa hapo miaka. Nyingine hufanywa dekio, nyingine utambi wa taa, na zilizosalia huliwa na panya. Tena katika nyumba hiyo hiyo, msimu wa baridi ukifika, hasa katika nchi za milimani, utawaona watoto watatu wamejikunyata chini ya blanketi moja jembamba, kila mmoja akimvutia mwenziwe. Blanketi jipya lina bei yake, na si kila baba awezaye kununua matatu. Lakini nguo za kuwafunika watoto hao zimo nyumbani tayari, ila hazijashonwa.

Kwa hiyo twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za mfarishi wa viraka. Mfarishi ni nguo nene ya kulalia au ya kujifunika, iliyofanywa kwa tabaka mbili au tatu za nguo zilizoshonwa pamoja kwa mishono mingi hata zikawa kitu kimoja. Hauhitaji mtambo wala pamba mpya. Sindano, uzi, mkasi na nguo kuukuu vyatosha. Watu wa mataifa mengi huijua kazi hii, nasi tutaanza na watu ambao habari zao zatuhusu, maana wazee wao walitoka pande hizi zetu za Afrika.

Magharibi ya India iko nchi ya Karnataka, na ndani yake wilaya ya Uttara Kannada, yenye milima na misitu mikubwa. Humo, karibu na miji ya Haliyal, Yellapur na Mundgod, wanakaa watu waitwao Masiddi. Ukimtazama Msiddi usoni hutashangaa kuambiwa kwamba asili yake ni Afrika. Wareno waliiteka Goa mwaka 1510 wakaifanya makao makuu ya enzi yao ya Mashariki, na tangu hapo kwa muda wa karne nyingi merikebu zao zilichukua watumwa kutoka Msumbiji na kuwapeleka huko. Baadhi ya watumwa hao walitoroka, wakapanda milima iliyo nyuma ya Goa, wakajificha misituni mahali ambapo mkono wa bwana zao haukufika. Masiddi wa Karnataka wengi wao ni wazao wa hao waliotoroka. (Wako Masiddi wengine katika nchi ya Gujarat, nao hata leo ngoma yao waiita goma.) Lugha za wazee wao wamezisahau, nao husema Kikonkani na Kikannada na nyingine za huko. Dini zao ni tatu: wako Waislamu, wako Wakatoliki, na wako Wahindu. Wengi ni wakulima wadogo na vibarua, na ilikuwa mwaka 2003 tu serikali ya India ilipowaandika katika orodha ya makabila yanayostahili msaada wake.

Watu walioletwa utumwani hawakuja na sanduku la mali. Hata hivyo wanawake wa Kisiddi wana kazi moja ambayo sasa sifa yake imefika mbali, nayo ni kushona mifarishi waiitayo kawandi.

Mwanamke wa Kisiddi hukusanya nguo zilizochoka za jamaa zake, yaani sari, mashati na magauni ya watoto. Kwanza hutandika chini sari kuukuu, nayo ndiyo mgongo wa mfarishi. Kisha hutwaa kiraka cha kwanza, akakiweka pembeni kabisa, akakunja kingo zake ndani, akakishona kwa mishono midogo ya bandi yenye kupenya mpaka chini. Kabla hicho hakijaisha huweka cha pili kando yake, na cha tatu, akaenda hivyo akiufuata ukingo wa nguo mpaka amerudi pale alipoanzia. Hapo huingia mzunguko wa pili, ndani ya ule wa kwanza, kisha wa tatu, hata afike katikati, napo hupaziba kwa kiraka cha mwisho. Ukiutazama mfarishi uliokwisha utaona mistari ya uzi inazunguka na kuzunguka, kama matuta ya mkulima aliyelima shamba kwa kulizunguka kutoka mpakani.

Njia hii ina akili nyingi. Viraka havikuungwa kwanza pembeni vikawa shuka, bali huwekwa kimoja kimoja juu ya mgongo, na kwa hiyo kila kimoja hulala vizuri mahali pake, kiwe kikubwa au kidogo, cha pembe nne au cha namna nyingine. Tena ukingo, ambao ndio huchanika kwanza katika kila nguo, umekwisha pindwa na kushonwa tangu siku ya kwanza. Mshonaji hana haja ya kupima wala kuchora, na asiyejua kusoma hana upungufu wowote katika kazi hii mbele ya aliyesoma.

Katika pembe nne hutiwa viraka vidogo vilivyokunjwa, nao waviita phula, maana yake maua. Mfarishi usio na maua hayo wao huuona kuwa uko uchi. Na wako washonaji ambao, kabla ya kuziba katikati, hutia punje chache za mchele chini ya kiraka cha mwisho, kuwa dalili ya shibe. Mkatoliki huenda akashona misalaba katika viraka vyake, na Mwislamu mwezi mwandamo, lakini mishono ni ile ile na mzunguko ni ule ule. Mifarishi midogo hushonewa watoto wachanga, na mikubwa hulaliwa na watu wazima. Bibi mwenye kumshonea mjukuu humfunika kwa nguo za ukoo wake wote.

Mwaka 2011 mifarishi ya Masiddi ilionyeshwa mjini New York, katika jumba la Schomburg, ambalo kazi yake ni kuhifadhi habari za watu weusi ulimwenguni. Aliyejitahidi kuitangaza ni mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Henry Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekaa nao na kujifunza habari zao.

Na huko huko Marekani kuna wazao wengine wa watumwa wa Kiafrika ambao bila ya kujuana na Masiddi walishika kazi iyo hiyo. Katika jimbo la Alabama, mahali ambapo mto umejipinda, kipo kijiji kiitwacho Gee's Bend. Zamani palikuwa na shamba kubwa la pamba, na mwenye shamba jina lake aliitwa Pettway. Mpaka leo wenyeji wengi wa hapo huitwa Pettway, kwa jina la yule aliyewamiliki wazee wao. Nyumba zao za zamani zilikuwa za mbao zenye nyufa nyingi, upepo wa baridi ukapita kama upitavyo katika tundu la kuku. Wanawake walishona mifarishi kwa nguo za kazi za waume zao na kwa magunia ya pamba, wakajifunika tabaka juu ya tabaka.

Katika kijiji hicho alikuwako mwanamke mmoja, Missouri Pettway. Mumewe alipokufa alizikusanya nguo zake za shamba, zile zile zilizopauka kwa jua na jasho, akamwambia binti yake kwamba atazifanya mfarishi, apate kumkumbuka marehemu na kujifunika mapenzi yake. Akaushona, mwaka 1942. Mfarishi huo uko hata leo. Najua ya kuwa desturi zetu kuhusu nguo za marehemu ni mbalimbali. Kwingine hugawiwa jamaa, kwingine hutolewa sadaka, na kwingine watu huogopa hata kuzigusa. Simwambii mtu avunje desturi ya kwao. Lakini mjane yule alipata kitu ambacho picha haiwezi kufanya, yaani kumtia joto usiku.

Mifarishi ya Gee's Bend ilionyeshwa Houston na New York mwaka 2002, na mwaka 2006 Posta ya Marekani ikapiga stempu zenye picha zake. Nguo iliyoshonwa ili mtoto asitetemeke ikawa kitu cha kununuliwa kwa fedha nyingi. Hapo ndipo ugomvi ulipoingia. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walipeleka mashtaka mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao katika faida, na mashauri hayo yakamalizika mwaka 2008. Twalitaja jambo hili kwa ajili ya wakubwa wa vijiji. Ikiwa wanawake wa kijiji chako watashona na mgeni akaja akisema ataziuza kazi zao mbali, mapatano na yaandikwe kwanza, bei itajwe, na kila mshonaji asomewe karatasi kwa lugha aijuayo kabla ya kitu kutoka nyumbani.

Basi turudi kwetu. Pengine msomaji atasema, mambo haya ni ya Wahindi na Wamarekani, sisi hatukuyazoea. Si kweli. Hata kanga yenyewe, wazee husimulia, ilianza kwa kuunga vipande. Katika karne ya kumi na tisa wanawake wa pwani walinunua leso za rangi zilizokuwa zikiuzwa kwa jora, wakakata urefu wa leso sita, wakaugawa mara mbili, tatu kwa tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu hata ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Wafanya biashara walipoona hayo wakaanza kuleta nguo zilizokwisha chapwa kwa upana huo. Ndiyo maana mpaka leo Mombasa watu huita kanga leso.

Na katika zawadi za arusi zetu za Kiswahili, majina yenyewe ni ya nguo. Mkaja ni nguo ajifungayo mwanamke kiunoni akisha kuzaa, ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, na vyote viwili hupewa mama wa bibi arusi kwa heshima ya taabu aliyoipata katika kumlea. Kilemba nacho ni nguo ya kichwani, kabla ya kuwa jina la ada. Sasa mahali pengi hutolewa fedha, na jina tu limebaki. Tena watu wa Lamu na Unguja hawahitaji kufundishwa na mtu kazi ya sindano. Kofia ya viua, yenye matundu mamia yaliyozungushiwa uzi kwa mkono, ni kazi ya miezi, na mke aliyemshonea mumewe kofia hiyo haina haja ya kuelezwa maana yake.

Sasa namna ya kufanya. Anza na kuchagua nguo. Inue kila moja mbele ya jua. Palipokonda kama chujio pasitiwe. Vuta kwa vidole gumba viwili, na ikilia ikachanika, iache iwe dekio. Suruali ya khaki huisha magotini na matakoni, lakini nyuma ya miguu, chini ya goti, karibu kila mara ni nzima. Kanga huchakaa katikati, pindo zikabaki na nguvu. Fundi cherehani wa sokoni naye kila jioni hufagia vitambaa vilivyoanguka chini ya meza yake. Mwombe, naye mara nyingi atakupa bure au kwa kitu kidogo.

Nguo zote zifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani zikauke kabisa, ili chawa na kunguni wasishonwe ndani. Amerikani mpya nayo lazima ifuliwe kabla ya kukatwa, maana hupungua. Na kaniki, jihadhari nayo sana. Mfarishi wa kwanza tulioushona nyumbani kwangu tulitia kipande kizuri cha kaniki mpya bila ya kukijaribu. Ulipofuliwa mara ya kwanza, viraka vyeupe vyote vilivyokuwa jirani vikageuka rangi ya wino, na mwenye kushonewa, mtoto wa miaka minne, akafurahi kuliko sisi. Chovya kipande majini, ukikamue juu ya kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, fua tena na tena mpaka maji yawe safi, ama usikitie. Kosa letu la pili lilikuwa kuweka khaki kando ya melimeli. Nguo nzito huivuta nyepesi, na baada ya mwezi mmoja melimeli ilichanika kando ya mshono. Nzito kwa nzito, nyepesi kwa nyepesi.

Kwa mtoto mchanga, mfarishi wa yadi moja kila upande watosha. Kwa mtoto wa shule, kanga moja nzima yafaa kuwa mgongo. Mtu mzima atahitaji doti, yaani kanga mbili zilizoungwa kwa ubavu wao mrefu. Ukiwa katika nchi ya baridi, tia katikati blanketi lililochakaa au shuka kuukuu. Tandika vyote mkekani, nyosha kwa viganja hata pasiwe na kunyanzi, kisha piga bandi kubwa kwa mistari, shubiri moja kutoka mstari hata mstari, ili tabaka zisihame. Uzi huo utaufumua mwisho. Mtu asiruke jambo hili kwa haraka. Mgongo usiponyoshwa, mfarishi hujikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Viraka waweza kukata upendavyo kama Masiddi, au ukitaka vifanane, kata kipande cha karatasi ngumu inchi sita kila upande kiwe kipimo. Kunja nusu inchi kila ukingo, ukandamize kwa pasi au kwa ukucha. Uzi uwe mara mbili, usizidi urefu wa mkono wako, kwa kuwa uzi mrefu hujisokota na kufanya mafundo, na ukiupitisha juu ya kipande cha nta ya nyuki utadumu zaidi. Mishono minne katika inchi moja yatosha, na mistari iachane kadiri ya vidole viwili. Vaa subana katika kidole cha kati, maana tabaka tatu huuma. Anzia ukingoni, zunguka, ingia ndani. Mwenye kushona saa moja kila siku alasiri, wakati mwanga ungali mzuri, huenda akamaliza mfarishi wa mtoto katika mwezi. Kushona usiku kwa kibatari ni kuyachosha macho, wala sitaki kumsikia mtu akimsifu mke wake kwa hilo.

Tena wanaume wasidhani kwamba kazi hii si yao. Mafundi wa cherehani katika masoko yetu wengi ni wanaume, na mwalimu aliye na wavulana darasani aweza kuwafundisha mshono wa bandi kama awafundishavyo wasichana. Mvulana ajuaye kuziba suruali yake mwenyewe hana haja ya kukaa nyuma ya darasa kwa aibu.

Kwa mtu wa kuanza, mfarishi ni kazi kubwa, afadhali ajaribu vitu vidogo. Mguu wa suruali ni mfuko uliokwisha shonwa ubavuni. Ukate chini ya goti, ziba upande mmoja, pinda mdomo, tia mshipi wa nguo iyo hiyo, na mtoto atachukulia madaftari yake. Vipande viwili vya kanga na kitambaa kinene katikati hufanya kishikio cha sufuria, zawadi ya shilingi si kitu lakini mama hukishika kila siku. Foronya ya mto iliyotariziwa jina, kitambaa cha mkono chenye pindo nyembamba, kofia ya mtoto mchanga, vyote hivi msichana wa darasa la tano aweza kuvimaliza. Na msichana aolewaye mbali, akipewa foronya aliyoishona dada yake kwa kipande cha gauni walilovaa kwa zamu, hataifanya dekio.

Mfarishi ukiisha, tarizi katika pembe moja jina la mpokeaji na mwaka. Usiufue mara kwa mara; kila juma uanike juani upande mmoja, kisha mwingine, ukaupige kwa fimbo nyembamba vumbi litoke. Ukichafuka, uloweke usiku kucha kwa maji ya sabuni, uukanyage kwa miguu badala ya kuusugua, usiukamue kwa kuusokota, uuweke juu ya majani safi au juu ya kamba mbili, siyo moja, kwani ukiwa na maji ni mzito, na kamba moja huvuta mishono ya katikati. Kiraka kikichoka kabla ya vingine, usikifumue. Shona kingine juu yake.